Mkalimani Namba 4071

Saa tisa na dakika kumi usiku simu inanikuta Dundee,
jikoni, miguuni soksi za mume wangu,
hita nimeizima kuokoa pauni mbili.
Upande wa pili ni Hull, hospitali.
Mkunga anaitwa Lorna. Sauti yake
ni ya mtu aliyeketi ukingoni mwa kitanda.
Mgonjwa ni Nabintu, wa Bukavu. Wiki kumi na moja.

Kwa kanuni ya kazi sina jina, nina namba.
Na kwa kanuni ya kazi, asemalo mgonjwa
nalisema "mimi".

"Imetoka," anasema Nabintu. "Jana, chooni. Imekwisha.
Mniache niende, mtoto ana shule asubuhi."
Nami naiambia Hull, kwa Kiingereza changu cha Tanga:
imetoka, jana, chooni, mniache niende.

Lorna hana haraka ya kuamini.
Pedi ngapi tangu jioni?
Tano. Hapana, sita. Na taulo.
Mabonge? Makubwa kama nini?
Nabintu anatafuta kipimo. Kama zabibu.
Kisha, polepole: kama ini la kuku.
Kama ini la kuku, nasema mimi,
na friji yangu inanguruma gizani.

Kizunguzungu? Homa? Harufu?
Maumivu yanakuja na kuondoka, au yamekaa?
Mashine ya presha inavuta pumzi, inaishusha.
Mapigo mia moja na kumi na nane.
"Naomba nitazame," anasema Lorna,
"na ukisema basi, naacha papo hapo."
Ile "basi" niliivusha kama yai.

Glavu. Chuma kidogo kugusa sinia.
"Mlango wa kizazi bado uko wazi," anasema mkunga.
"Haijatoka yote."

Hapo Kiswahili changu kilisimama.
Neno lipo, la kitabuni: mabaki.
Lakini mabaki ni ya wali sufuriani,
ni ya kitambaa chini ya cherehani.
Wengine husema uchafu. Asafishwe, wanasema, atolewe uchafu.
Nililisikia hilo korido moja kule Tanga, nimelala chali,
mwaka ambao siutaji.

"Mkalimani, bado uko?"
Niko.

Nikasema: Nabintu, sehemu ya mimba ingali ndani.
Mwili haujamaliza kuaga.

Kanuni inakataza kuongeza. Nikakiri:
mkalimani ameongeza neno.
"Neno gani?"
Kuaga.
Hull ikanyamaza. Tairi za kitoroli zikapita.
"Liache," akasema Lorna.

Kisha mambo yakaenda mbio. Mshipa, dripu,
damu kwenye vichupa, kundi lake lijulikane.
Daktari yuko njiani.
Wako wanaosubiri nyumbani mwili umalize wenyewe,
wako wanaopewa vidonge,
lakini kwa damu hii, anasema Lorna, usiku huu
nisingekushauri kusubiri. Watakulaza usingizi,
watafyonza kilichobaki. Ni dakika chache.
Uliza lolote.

Nabintu akauliza moja tu.
"Nilinyanyua kreti kiwandani, Alhamisi. Ni ile kreti?"

Nikalipeleka. Ni ile kreti?
Na mimi sikuwahi kunyanyua kreti,
mimi ilikuwa ndoo.

"Hapana," akasema Lorna. "Si kreti. Hukukosea popote."

Nikalirudisha, neno kwa neno, bila kuongeza kitu:
Hapana. Si kreti. Hukukosea popote.
Sauti ni yangu. Masikio yaliyokuwa karibu nayo
ni yangu pia.

Kabla hawajamsukuma kwenda, akainama kwenye simu:
"Aksanti, we mama wa ndani ya simu."
Lorna akauliza amesema nini.
Kwa mara ya kwanza katika miaka sita
sikutafsiri.

Dakika thelathini na nane, umeandika mfumo.
Bonyeza moja kupokea mwingine.

Niliwasha hita kwanza.